Maganda Yaliyopikwa

Shangazi yangu alikuwa akisema kwamba mimi kazi naifanya kama mtu anayeonja mchuzi: nikishajua chumvi imekolea, naweka kijiko chini na kutoka. Alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu nilikuwa nalala kwake, nyumba ya ghorofa moja Matrah, Oman, na yeye ndiye aliyekuwa akinibakishia chakula. Nilitoka Unguja mwaka wa sitini na nne nikiwa na miaka ishirini. Skuli nilikuwa nimeiacha zamani, bila kufukuzwa na mtu. Nilichoka tu kukaa. Ndani ya miaka miwili ya Matrah nilikwishabeba magunia ya ndimu kavu, nikapaka chokaa nyumba za watu, nikakaa na fundi wa mapanga mpaka nilipojua upanga unavyopata makali. Nikishajua, usingizi unaniruka, miguu inawasha, natafuta kitu kingine.

Kitu kingine nilikiona arusini, Ruwi. Ruwi ya wakati ule ilikuwa mitende, visima na nyumba za udongo bondeni, saa moja na kitu kwa miguu kutoka Matrah ukipita kwenye mlango wa milima. Nilikwenda kwa ajili ya pilau. Wanaume wa upande wa bwana arusi waliingia kwa kuimba, safu mbili, panga zinang'ara, na nyuma yao wenye bunduki, zile kongwe zinazotiwa risasi moja kila mara. Wakapiga hewani. Moshi mweupe ukatufunika sote, watoto wakakohoa, wanawake wakapiga vigelegele. Moshi ulipotawanyika nikaona jambo lililonishika: wale wanaume wazima, na joho zao na majambia yao, wameinama wote, kila mmoja anaokota ganda lake la shaba kwenye vumbi, analifuta kwenye kanzu na kulirudisha mkandani.

Nikamuuliza mzee aliyekuwa karibu yangu, "Ami, mnayaokota ya nini? Si yameshapigwa?"

Akanitazama tangu kofia mpaka viatu. "Wewe ukimaliza kula," aliniuliza, "sahani unaitupa?"

Kumbe maganda yale yalikuwa yakijazwa tena. Risasi mpya za kiwandani zilikuwa ghali, na kuzipata kulihitaji ruhusa na kujuana na watu. Lakini ganda la shaba likishapigwa limebaki zima, unaweza kulitia fataki mpya kwenye kitako, baruti tumboni na tembe ya risasi mdomoni, likarudi kuwa risasi. Na mkanda wa mtu wa bara ya Oman wakati ule haukuwa wa vita tu. Ndiyo nguo yake. Mwenye mkanda uliojaa aliingia barazani kifua mbele. Mwenye matundu matupu aliulizwa kama panya wamemtembelea.

Wiki ile ile nikamtafuta anayejaza. Nilimkuta kwenye kichochoro nyuma ya suku, soko la Matrah, ndani ya duka ambalo mlango wake ulikuwa mkubwa kuliko chumba chenyewe. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mgongo mbovu, nyusi hana: zilikwishaungua, akaacha kuzingoja. Nilimsalimu kwa Kiarabu changu cha kuchechemea akanijibu kwa Kiswahili cha Pemba. Alikuwa amekaa Wete miaka kumi na mbili akinunua karafuu, akarudi Oman kabla yetu sisi wa mapinduzi.

"Unataka kujaza?" aliuliza.

"Nataka kujua."

"Kujua ni bure. Kwa hivyo hakuna anayekulipa."

Lakini alikuwa akihitaji miguu, kwa sababu yake ilikuwa haifiki mbali. Tukapatana. Mimi nitazunguka vijijini baada ya arusi na sikukuu, ninunue maganda kwa watu waliochoka nayo, wajane waliobakiwa na mikanda ya marehemu, vijana waliotaka kununua saa. Maganda yaliyonyooka yeye atayachukua kwa idadi. Yaliyopasuka au kupondeka nitampelekea mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akinunua shaba kuukuu kwa uzani, karibu na gati, naye alikuwa akiisafirisha ikayeyushwe iwe masufuria. Faida yangu ilikuwa kwenye jicho: kulijua ganda lenye ufa mwembamba kama unywele kabla sijalilipia kama zima. Nilitembea Sidab, nilitembea Ruwi, nilifika mpaka Mawaleh na Sib kwa punda wa watu. Kwa mara ya kwanza niliipenda kazi zaidi ya miezi mitatu, maana ilikuwa kazi ya kuondoka kila siku.

Na kila nilipofika niliuliza swali lile lile: kujaza kunaokoa pesa au hakuokoi? Kila mtu alikuwa na jibu. Mmoja Sib aliniapia kwamba risasi ya kujaza inamgharimu chini ya nusu ya mpya. Nikamuuliza kama amehesabu na maganda yaliyompasukia. Hakuhesabu. Nikamuuliza kama amehesabu safari ya Matrah kuja kwa fundi na siku alizolala kwa jamaa zake akingoja. Akasema wewe Mzinjibari umekuja kununua shaba au umetumwa na mke wangu?

Fundi mwenyewe nilipomuuliza alicheka. "Zamani mtu alikuwa na risasi kumi, anapiga moja arusini, moja idi. Siku hizi kwa kuwa zinajazwa rahisi anapiga kumi arusini, na arusi anazitafuta. Niambie wewe, ameokoa nini?"

"Basi kwa nini unawajazia?"

"Kwani muuza halwa anawauliza wanunuzi kuhusu meno yao?"

Yeye mwenyewe alivaa mkanda dukani siku zote, hata akiwa amekaa kwenye mkeka, risasi ishirini na nne, zote za kiwandani, hazijapata kupigwa. Alizinunua aliporudi kutoka Pemba. Alisema ganda jipya kabisa lina nguvu ambayo huirudishi tena kwa kazi ya mikono, na yeye anajua maana ndiyo kazi yake.

Nilikuwa nikimtazama akifanya kazi kama watu wanavyotazama ngoma. Ganda likishapigwa na kubanwa mara kadhaa, mdomo wake unakakamaa, na usipoulainisha kwa moto utapasuka. Kwa hivyo fundi aliyasimamisha maganda kwenye sinia lenye maji, maji yakafika nusu ya ganda, kisha akaupitishia kila mdomo ulimi wa moto, moja moja, mpaka rangi ilipobadilika, akaliangusha kwa kijiti majini. Moja moja! Asubuhi nzima maganda thelathini. Nilikuwa nikikaa pembeni magoti yananicheza. Nilidhani yale maji ni ya kupooza vidole vyake.

Sikumuuliza. Mimi ambaye nilimuuliza kila mtu kila kitu, hilo moja nililiona dhahiri mno hata nisiliulize.

Basi mwezi mmoja mgongo wake ukamlemea kabisa, akaenda kwenye chemchemi za maji ya moto kukaa siku kumi, kama wafanyavyo watu. Akaniachia ufunguo ninunue na kupokea, nisijaze. Siku ya tatu akaja kijana mmoja wa Ruwi. Alikuwa ndugu mkubwa wa bwana arusi. Baba yao hayupo, kwa hivyo yeye ndiye atakayesimama mbele ya wakwe. Alikuwa na bunduki ya babake na mkanda wenye matundu ishirini na nne, yote matupu. Arusi Alkhamisi ijayo.

"Fundi hayupo," nilimwambia.

"Na wewe ni nani? Popo? Umening'inia hapa kila siku, hujui kujaza?"

Nilikuwa najua. Ndivyo nilivyoamini. Tena kulikuwa na karani wa chombo aliyeniambia kwamba ana nafasi ya mtu mmoja wa kwenda Kuwait, na nilichopungukiwa kilikuwa karibu sawasawa na bei ya kujaza mkanda mmoja. Nilikuwa nimeshaielewa kazi ya shaba. Miguu imeanza kuwasha.

Nikachagua maganda ishirini na sita yaliyonyooka, mawili ya akiba. Kuhusu kuyalainisha moja moja niliona ni ujinga wa wazee. Nikawasha makaa kwenye jiko, nikayamimina yote, nikavukuta mpaka yakawa mekundu, yakapoa, yakatoka masafi mazuri, masizi ya zamani yote yamekwisha. Kazi ya asubuhi nzima niliifanya kwa muda wa kunywa kahawa. Nikajaza, nikayasugua kwa ndimu na majivu kama tulivyokuwa tukisugua masinia kwetu, yakang'ara. Kijana akaja akayavaa pale pale dukani, akajigeuza huku na huku, akanilipa bila kuvutana.

Fundi alirudi Jumatano, siku moja kabla ya kutarajiwa. Nilikuwa nimemwandalia habari yangu kwa fahari. Nilimpa moja la yale mawili ya akiba, bado tupu, aone lilivyo safi. Akaligeuza, akaliangusha kwenye fuawe. Halafu akachukua la kwake kwenye sinia akaliangusha pia. La kwake lililia kama kengele ndogo. La kwangu lilianguka kama kipande cha mti.

Akachukua koleo, akabana kitako cha la kwangu. Kikabonyea kama nta.

"Umelipika," alisema.

"Nimelilainisha."

"Mdomo unalainishwa. Kitako hakiguswi! Kitako ndicho kinachoizuia baruti isikurudie usoni. Maji unadhani nnayatia ya nini? Ya samaki?" Akaweka koleo chini. "Mangapi?"

"Ishirini na nne."

"Yako wapi?"

Sitaficha. Kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kile chombo. Kilikuwa kinaondoka Ijumaa, na mimi nilikuwa na nauli mfukoni. Mtu wa Ruwi angeiweka bunduki shavuni, kitako cha ganda kingefumuka, moto na vipande vya shaba vingemrudia machoni, na mimi ningekuwa baharini. Nilifikiri hivyo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu nikamwambia fundi ni nani, wapi na lini.

"Kesho," alisema fundi. "Kakodi punda. Wewe peke yako hatakusikiliza."

Shangazi aliposikia aliniambia neno moja tu, Alkhamisi mchana, punda alipopatikana mwishowe, nikitoka: "Leo usirudi nyumbani kabla hujamkuta mtu yule ukamwambia, nisije nikasikia umempita." Hakunipa chai.

Tulifika Ruwi baada ya sala ya alasiri, fundi juu ya punda amejishika kiuno, mimi mbele nimeshika kamba. Kutoka mbali tulisikia mlio mmoja, kisha vigelegele. Fundi akafumba macho. "Haraka," alisema.

Wageni walikuwa hawajaanza kuingia. Wanaume walikuwa wakijipanga chini ya ukuta. Yule kijana tulimkuta kando, nyuma ya kisima, peke yake, bunduki kati ya magoti, jasho linamtiririka, anachokonoa kwa ncha ya jambia. Alikuwa amepiga moja kujaribu. Ganda lilikuwa limevimba na kuganda ndani, na kwenye mkono wake wa kulia, juu ya kidole gumba, palikuwa na alama nyeusi ya moto uliopenya.

Aliponiona uso ulifunguka. "Afadhali umekuja! Limekwama. Nitolee, wakwe wako njiani."

"Usitie jingine," nilisema.

"Nini?"

"Hayo yote hayafai. Yavue."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa avue kanzu. Nami nilielewa ninamwomba nini. Siku ile, mahali pale, mbele ya watu waliokuwa wanampa ndugu yake binti yao, mkanda mtupu ni sawa na kusema: nyumba yetu haina kitu, tumekuja tumeazima. "Nisimame mtupu mbele ya wakwe?" alisema polepole. "Wewe una wazimu? Nitapiga hivi hivi. Likikwama nalichokoa."

"La pili halitakwama," alisema fundi, ambaye alikuwa amekwishateremka. "La pili litakuvunjia uso. Nnakwambia mimi niliyejaza risasi za babako. Kosa limetoka dukani kwangu. Kosa ni langu."

Nilifungua mdomo niseme, fundi akanikanyaga mguu.

Kisha akafungua mkanda wake mwenyewe. Ulikuwa haujatoka mwilini mwake mchana kwa miaka. Palibaki mstari kwenye kanzu ambapo nguo ilikuwa nyeupe zaidi. Akamzungushia yule kijana kiunoni, akamfunga mwenyewe, akavuta kanzu ikae vizuri. Waliokuwa mbali waliona mtu mzima anamvisha kijana mkanda wake siku ya arusi, wakadhani ni heshima. Mwanamke mmoja juu ya dari akapiga kigelegele na wengine wakamfuata. Fundi akalitoa lile ganda lililokwama kwa kijiti cha chuma alichokuja nacho, akatazama ndani ya bunduki kwa muda mrefu, akairudisha.

"Bunduki nzima," alisema. "Nenda."

Kijana alipiga nane. Risasi ambazo fundi hakuzigusa miaka yote zilikwenda hewani Ruwi, moja baada ya moja, na yeye akawa anazihesabu kwa midomo.

Njiani kurudi nilimwongoza punda. Nilibeba mkanda wa kijana wenye risasi zangu ishirini na tatu, na uzito wake nakumbuka mpaka leo.

Siku ya pili, Ijumaa, chombo cha Kuwait kiliondoka. Nilikiona kutoka darini kwa shangazi, nikateremka nikaenda dukani. Fundi aliyafungua yale maganda moja moja, akatoa baruti, kisha akanipa nyundo. "Yaponde."

Niliyaponda yote mpaka yakawa bapa, nikayapeleka kwa mnunuzi wa shaba. Yeye akayatia kwenye mizani na kusikitika. "Kwa nini umeyaharibu, bwana? Mazima ningekupa mara tatu. Kuna watu wanayataka."

"Ndiyo maana," nilimwambia.

Alinilipa bei ya masufuria. Nikaongeza nauli yangu ya Kuwait juu yake, yote nikamwekea fundi kwenye mkeka. Aliipokea bila kuitazama. Lakini risasi kama zile nane hazikupatikana kwa pesa tu.

Wiki mbili hivi zikapita. Niliambiwa niyashike maganda mdomo juu, moja moja, na niliyashika. Miguu iliwasha, nikaiacha iwashe. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba pale suku walikuwa wakisema fundi amezeeka, macho yamekwisha, karibu amuue mtu wa Ruwi. Wateja wawili walikuja kuchukua maganda yao wakasema watangoja baridi. Yeye aliwapa, akawauliza habari za watoto. Sikuweza kukaa, sikuweza kuondoka.

Halafu yule kijana akaja. Alileta mkanda wa fundi, umepakwa mafuta, risasi kumi na sita mahali pake na maganda manane matupu, yamefutwa vizuri. Duka lilikuwa na watu watatu wanangoja, na wengine kichochoroni. Fundi alinyoosha mkono kupokea.

"Ni mimi," nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Yale maganda niliyapika mimi. Fundi hakuwapo. Aliniambia nisijaze, nikajaza."

Kijana alinitazama, akatazama alama kwenye kidole chake, ilikuwa imeanza kugeuka nyekundu.

"Nilijua," alisema. "Huyu mzee hakupata kukosea tangu siku za babangu. Na wewe siku ile ulikuwa na uso wa mwizi wa kuku." Mtu mmoja akacheka, akaacha. Kijana akaweka yale maganda manane mbele yangu, moja moja. "Basi utayajaza wewe. Mbele yake. Na atakayeyajaza ndiye atakayeyapiga."

"Mimi sijapata kupiga bunduki maishani," nilisema.

"Vizuri. Utakuwa mwangalifu."

Nilifanya kazi siku mbili kwa maganda manane. Fundi alikaa nyuma yangu. Alisema "hapana" mara tano na "haya" mara moja. Siku ya tatu tulikwenda bondeni nyuma ya Matrah, mimi, fundi juu ya punda, kijana wa Ruwi, na watu kama kumi ambao hawakualikwa. Kijana alinipa bunduki ya babake, akanionyesha jinsi ya kuikaza begani. Mti wa bunduki ulikuwa umelainika na mashavu ya watu wengine. Nilitia risasi yangu. Nilimsikia fundi akisema nyuma yangu, "Usifumbe macho. Ukifumba hutajua."

Nikavuta.

Bega liliruka, moshi ukanijaa puani, bonde likajibu mara mbili. Nilikuwa nimesimama. Nilijigusa uso. Nikafungua, na ganda likatoka lenyewe, la moto, zima, kitako kimenyooka, likaanguka kwenye changarawe. Niliinama kuliokota lakini yule kijana alinitangulia. Aliligeuza kwenye jua, akalipitishia ukucha pembeni kutafuta ufa, akalitia mfukoni mwake.

"Bado saba," alisema.